Mahudhurio

Kabla ya chaki kuna uji.
Kabla ya uji, kuni mbichi na moshi,
na kabla ya moshi, adhana ya Limbani,
ambayo kwetu ni saa ya ukutani:
ikilia, Melkiori hufanya ishara ya msalaba,
hushusha miguu, humkanyaga mtu.
Daima kuna mtu wa kukanyagwa.
Tisa, vyumba viwili.

Ubao wetu ni mlango.
Ulikuwa wa choo, nisifiche.
Baba yao aliung'oa, akausugua,
akaupaka masizi na unga wa betri kuukuu,
na tangu hapo umebeba irabu,
pishi za karafuu za kujumlisha,
na ramani ya Afrika
ambayo Blandina huichora bila Pemba,
kisha hushtuka,
hutudonoa kwa ncha ya chaki.

Watu huuliza. Bi Mgeni wa nyumba ya pili,
aniletea futari ya kunde kila Ramadhani,
nami humpelekea maandazi Krismasi,
aliniuliza kwa upole, huku anapeta mchele:
"Kwani skuli imekukosea nini?"
Nikamwambia, Kizito alianguka darasani,
povu mdomoni, wenzake wakamkimbia.
Nilimrudisha mgongoni.
Nikasema, nitamfundisha mwenyewe mpaka apone.
Hakupona. Alijua kusoma.
Wadogo zake wakajipanga nyuma yake
kama vifaranga, wala sikuwaita.
Bi Mgeni akatoa chuya moja, akaitazama,
akasema, "Mungu akupe pumzi, mwanangu."
Hakuuliza tena.

Kila asubuhi naita majina.
Kichekesho, najua, kuita mahudhurio
ya watoto niliowafunga vifungo sasa hivi.
Lakini napenda kusikia.
Kizito? Nipo. Yusta? Nipo. Blandina? Nipo.
Melkiori, Tarsila, Donati: nipo, nipo, nipo.
Mapacha huitikiana, huyu kwa jina la yule.
Faraja, wa mwaka mmoja, huitikiwa na wote.
Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza.
Ile ya kupiga magoti huja usiku,
na mara nyingi nasinzia ndani yake.

Mwezi wa kwanza Yusta alisimama dirishani
wakipita watoto wa skuli, mikoba mgongoni,
wanagombana, wanacheka, wanachelewa.
"Mama, na mie nataka."
Nikampa hesabu ya kugawa.
Alipomaliza nikampa masufuria.
Usiku nikamshitaki kwa Mungu:
nimempa kila nilichonacho, huyu, kila kitu,
na Neno asubuhi na jioni.
Mungu akanyamaza
kama anyamazavyo
anapokubaliana na mtu mwingine.

Baba yao hakusema kitu.
Aliitia mafuta cherehani, akaiacha wazi.

Nikashona sketi ya buluu. Nikafumua. Nikashona.
Sheha akaandika barua, akauliza umri.
Nikautaja kwa haya: miaka kumi na mitatu,
na hajawahi kuchelewa popote.

Jumatatu, majivu hayajapoa, nikafungua daftari.
Kizito? Nipo.
Yusta?
Ulimi una desturi zake.
Wakatazamana. Nje kuku akalitangaza yai lake.
Ndipo Kizito, taratibu, kama asomaye
neno refu kwa mara ya kwanza:
"Yupo, mama. Ila si hapa."

Saa saba alirudi, viatu mkononi,
kisigino kimechubuka, macho yamejaa.
Ana jambo, hataki kuanza kulisema.
Akanywa maji. Akampakata Faraja.
"Mwalimu kaniuliza nani kakufundisha kusoma."
Ukamwambia nani?
"Nikamwambia, mlango."

Tulicheka, hata Kizito, ambaye hucheka kwa nadra,
mpaka mhogo ukashika chini ya chungu.
Donati akaubariki hivyo hivyo, na harufu yake.
Tukaula.